Pumzi ya Bi Harusi

Kasongo, 26 Februari 1957

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na bado inapiga bati. Nimekaa katika chumba ambacho Baba anakiita "chumba cha Hawa", ingawa miaka yote niliyokuwa shuleni kwa masista kilikuwa ghala, na harufu ya mpunga haijatoka ukutani. Mama alipofariki nilichukuliwa na dada yake, Mama Pascaline, mwalimu wa misheni, akanilea na kunisomesha. Masista waliniandika Ève. Hapa nimerudi kuwa Hawa, na bado sijui ni nani kati ya hao wawili anayeshika kalamu. Sertifika ya ualimu ninayo, darasa sina. Nangoja.

Nje, chini ya turubai, amelala Bi Harusi. Ndiyo kamio ya Baba, lori la wakati wa vita alilolinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Watu waliipa jina hilo kwa sababu ikisimama njiani haiondoki mpaka ibembelezwe. Baba hucheka wakilitaja, lakini hucheka kwa mdomo tu. Kabla ya kamio hii aliendesha za watu kwa miaka mingi, na waliokuwa na nusu ya umri wake walimwita "boi".

28 Februari

Mvua. Nimefua. Hakuna kilichokauka.

3 Machi

Baba na Mjomba Célestin walitakiwa warudi juzi. Wamefika leo, matope hadi kiunoni. Mjomba ni mdogo wake Mama, na ndiye msaidizi wa Baba: hupanda juu ya mzigo, hutia mawe nyuma ya magurudumu, hufungua na kufunga kila kinachofunguka.

Kamio ilizimika katikati ya mlima ulio kabla ya Lusangi. Haikupiga kelele wala kutoa moshi. Ilinyamaza taratibu, kama mtu anayepitiwa na usingizi katikati ya neno. Esansi ilikuwa tele ndani ya tangi, na cheche ilikuwepo. Walilala pale pale. Asubuhi ikawaka yenyewe.

"Ilitaka kulala tu, shemeji," Mjomba alisema huku akivua viatu. "Bibi arusi gani anapanda mlima bila kupumzika?"

Baba alipita akaingia ndani bila kunawa.

6 Machi

Fundi wa sokoni amekuja. Amefungua kabureta, amepuliza mabomba kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, ameitazama pampu ikitema esansi kwa nguvu. Akawasha. Motere ikanguruma uwanjani vizuri kabisa, na alipokwisha kunywa chai akasema gari halina ugonjwa.

Mjomba alisimama kando na nyundo, akingoja kufunga tangi. Kifuniko chenyewe kilidondoka njiani mwezi uliopita, naye amechonga kizibo cha mti, akakivika mpira wa gurudumu, na hukigongomea ili mvua isiingie. Anakionea fahari. "Hata jasho la mbu halipiti, Madmazeli," ameniambia. Hilo ndilo jina langu kwake tangu niliporudi, na halisemi bila kuinama kidogo.

10 Machi

Mlima ule ule. Lakini safari hii kuna habari nyingine.

Babu yangu, Mwalimu Atumani, baba yake Baba, anafundisha Kurani barazani kwake. Aliposikia habari za mlima alimwandikia Baba kombe: aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji safi, maji yakatiwa chupani. Kombe hunywewa na mgonjwa, au huogewa. Kuinywesha kamio hakuna aliyewahi kusikia. Baba aliichukua chupa ili asimvunje mzee moyo.

Walipozimika, abiria wakaanza kunung'unika, Baba akaikumbuka. Mjomba akang'oa kizibo. Tangi likatoa sauti ndefu, *fyuuu*, na mama mmoja aliyekuwa juu ya mzigo akapiga kelele: "Limetoka! Mumesikia? Jini limetoka!" Baba akasema Bismillahi, akamimina kidogo. Wakangoja. Akawasha.

Bi Harusi akaitika, akapanda mlima kama mwanambuzi.

11 Machi

Mvua.

14 Machi

Soko zima linajua. Leo asubuhi mama mmoja amemletea Babu cherehani isiyoshona, na kijana mmoja wa Kabambare amekuja na baiskeli.

"Baiskeli!" Babu akasema. "Hiyo inakula esansi gani?"

"Haili, Mwalimu. Lakini inaniangusha."

"Basi wewe ndiye wa kunywa kombe, si baiskeli."

Watu wakacheka, na Babu akacheka kuliko wote. Nami nilisimama mlangoni na uso wa Ève, uso ule wa kusubiri wajinga wamalize. Halafu nikamwangalia vizuri. Kanzu yake imepigwa pasi. Tangu shule ya serikali ifunguliwe, wanafunzi wake wamepungua mpaka mkeka mmoja unawatosha, na nilipofika mwezi wa pili alikuwa anakaa barazani na kanzu ya kulalia mpaka adhuhuri. Sasa wino umo tena vidoleni mwake. Nilijionea aibu, lakini bado sikuamini.

Baada ya watu kuondoka aliniita. "Mke wangu," maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, na mimi ndiye bibi yake mdogo asiyeonewa wivu, "masista walikufundisha nini juu ya magari?"

"Hakuna, Babu."

"Basi tuko sawa," akasema.

17 Machi

Zimetokea safari mbili, kombe mara mbili, *fyuuu* mara mbili. Mjomba anasema wanawake wa Lusangi sasa huteremka na ndizi za kuchoma na karanga, hutandika majani pale mlimani na kungoja. Kamio isiyokwenda imezaa soko.

19 Machi

Habari kutoka Kabambare! Mwalimu wa wasichana anakaribia kujifungua, na nafasi yake nitaishika mimi baada ya Pasaka, mara Idi ikipita. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, kisha nikaketi sakafuni.

Mama Pascaline amesema kamio ya misheni inaweza kunichukua. Nilipomwambia Baba, alikuwa analaza godoro la kiti juani. Hakugeuka. "Mutoto wangu ataingia kazini kwake ndani ya kamio ya baba yake," alisema. "Ama kwa miguu yake."

23 Machi

Mambo yamebadilika. Bi Harusi anakohoa hata uwanjani. Anaruka, anashituka, anatulia, anaruka tena. Chupa moja ya kombe haitoshi, sasa wanachukua mbili, na jana mlimani hata hizo mbili hazikutosha mpaka Babu mwenyewe akatajwa jina kwa sauti na abiria wote. Dawa ikichoka, watu huongeza dawa.

Bwana Gérard, mzungu mwenye duka la vitambaa, amekuja akaizunguka kamio mikono nyuma. Anaitaka kwa ajili ya chuma chake, na kwa ajili ya magurudumu. Baba atapata kazi kwake, ya kuendesha kamio mpya. Ya mtu.

"Nipe mpaka Ijumaa," Baba akasema.

Ijumaa ni siku ya mizani. Bwana Agronomu, afisa wa kilimo wa serikali, atapima mpunga wa Lusangi hapa Kasongo, na wenye unyevu atawarudishia wenyewe. Wenyewe ni ndugu za marehemu Mama. Gunia zao zimefungwa, zinangoja chini ya mapaa yanayovuja. Baba amesema wazi, mbele ya Babu: akizimika safari hii asifike, Jumamosi anamwachia Gérard ufunguo. Babu hakungoja zaidi. Ametoka akaenda kuandika.

24 Machi

Nimemwomba Baba niende nao. Amekataa. Nimemwomba tena.

Lusangi, 27 Machi

Naandika kwa wajomba, jikoni, kwa sababu ndipo penye moto. Nitaandika yote.

Tulitoka Kasongo asubuhi, mimi nimekaa kati ya Baba na mlango, chupa tatu za kombe katika kikapu miguuni pangu. Mjomba juu, na kuku wa abiria. Mvua ilikuwa nyembamba. Kamio ilikohoa tangu tulipotoka mjini, na kila ikikohoa Baba alikaza meno kana kwamba anabanwa yeye. Sikuwahi kumwona kazini. Nyumbani ni mtu wa maneno machache ambaye nilimdhania hana mengi ya kusema. Kumbe maneno yake yote humwambia motere. "Taratibu, mama. Jiwe hilo. Umeliona? Haya." Nilitazama nje ili asijue kuwa namsikia.

Mlimani Bi Harusi akazimika. Wanawake wa ndizi wakasimama wote pamoja, wakicheka, wakipanga sinia vichwani.

Nilishuka. Nilitaka kulisikia jini kwa sikio langu. Nikainama karibu na mdomo wa tangi, Mjomba akapiga kizibo huku na huku kwa nyundo, akakivuta. *Fyuuu.* Na ncha ya kitambaa changu cha kichwa, iliyokuwa inaning'inia, ikaingia ndani ya tangi.

Haikudondoka, ilivutwa. Niliuhisi mvuto kwenye nywele.

"Jini limetoka!" akasema mmoja nyuma yangu.

Nikabaki nimeinama. Kama kitu kingekuwa kinatoka, kingekitupa kitambaa changu usoni. Hili lilikuwa linaingia. Watu wote wa barabara hii wameisikia sauti ile, nasi sote tuliisikia kinyume. Haikuwa pumzi ya kutoka. Ilikuwa ya mtu aliyezibwa pua akaachiwa.

Hapo nikakumbuka jiko la masista. Nilikuwa mgeni, nikapewa kopo la maziwa nilifungue, nikatoboa tundu moja. Maziwa yakatoa matone mawili yakakataa. Nililipiga kopo, nikalitikisa, na wasichana wakubwa wakacheka mpaka mmoja akachukua msumari akatoboa tundu la pili upande wa pili. Yakamwagika kama kamba. Moja la kutokea maziwa, moja la kuingilia upepo. Kila mtu anayepika anajua hilo, nami nililijua, na sikulileta kwenye kamio kwa sababu kamio haikuwa jikoni.

Baba alikuwa ameshashika chupa.

"Baba, usimimine."

"Nini?"

"Usimimine kwanza. Washa hivi hivi. Kizibo kikiwa nje."

Baba alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Hawa. Usicheze na kazi ya babu yako mbele ya watu."

Nikamweleza habari ya kopo. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya Kifaransa. Nikasema pampu inavuta esansi, lakini tangi limefungwa mpaka upepo haupati pa kuingia, na tangi lisilovuta pumzi haliachii esansi yake. Nikasema ndiyo maana asubuhi ile iliwaka yenyewe: usiku kucha upepo ulijipenyeza kidogo kidogo. Mjomba alikitazama kizibo chake mkononi kama mtu anayeambiwa mwanawe ni mwizi.

"Yaani ni mimi?" akasema. "Mimi ndiye jini?"

Abiria wakacheka. Baba hakucheka. Akaiweka chupa, akapanda, akawasha bila kombe. Motere ikaitika. Wanawake wa ndizi wakapiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nikainua kidevu.

Hatukupita hata kona ya kwanza. Akakohoa, akaruka, akashituka, akafa, na mdomo wa tangi uko wazi kabisa.

"Madmazeli," Mjomba akasema kutoka juu, "maziwa yako yameganda."

Nilitamani ardhi inimeze. Mvua iliongezeka. Abiria mmoja alisema tumeitukana dawa, na wengine wakaitikia. Baba aliweka paji la uso juu ya usukani. Nilijua anamwona Gérard. Nikajiambia: ulikosea, omba radhi, nyamaza. Lakini kitu kimoja hakikukaa sawa. Kufa huku hakukufanana na kule. Kule kulikuwa usingizi. Huku kulikuwa kifafa. Na kikohozi hiki hakikuwepo mwezi uliopita. Kilianza baadaye.

Baada ya nini?

"Mjomba," nikasema polepole, "uchafu wa esansi unakaa wapi?"

Akashuka akanionyesha kikombe kidogo cha kioo chini ya pampu, ambamo kila kizito hutua. Akakifungua, akakileta. Esansi ilikuwa juu, nyepesi, karibu haina rangi. Chini yake, imejitenga, haichanganyiki, kulikuwa na maji. Maji ya njano.

Tulikiangalia sote watatu. Hakuna aliyetamka zafarani. Rangi ilijitamka yenyewe. Tulikuwa tumelifunga tangi kwa nyundo ili tone la mvua lisiingie, halafu kila safari tukaingiza maji kwa mkono wetu wenyewe, na kila kombe lilionekana kuponya kwa sababu ili kulimimina ilibidi kufungua.

Mjomba aliinua mkono ili akimwage kile kikombe barabarani. Baba akamshika. "Hapo watu wanakanyaga."

Akakichukua kwa mikono miwili. Akaenda chini ya mteremko, mbali na njia, mahali penye mgazi mchanga, ule mti wa mawese, akamimina maji shinani kama anavyofanya mtu anayemwaga maji ya kombe ya mgonjwa aliyepona. Akarudi, akafungua skrubu ya chini ya tangi, akakinga kwenye sufuria ya mama wa karanga mpaka njano ikaisha na esansi ikaja safi, na ile sufuria pia akaipeleka kwenye mgazi. Alikwenda na kurudi kwenye mvua, na abiria hawakumharakisha. Nilimpenda sana saa ile. Nilikuwa nimefikiria kuwa kuna mawili tu, kuamini kama mama wa juu ya mzigo au kucheka kama mimi. Baba hakufanya hata moja.

Kisha akawasha, na Bi Harusi akanguruma bila kukohoa.

Kizibo hatukukirudisha. Mjomba alisafiri amesimama ubavuni mwa kamio, mkono mmoja ameshika ubao, mwingine ameshika jani la mgomba juu ya mdomo wa tangi ili mvua isiingie. Tumeingia Lusangi hivyo. Watoto walidhani ni sherehe.

Kasongo, 29 Machi

Mpunga umefika mkavu. Mizani imeukubali. Gérard alikuja, akasikiliza motere, akaondoka na mikono yake nyuma.

31 Machi

Mwezi umeonekana, kesho tunafunga. Baba alisema habari hii haiwezi kuingia Ramadhani ikiwa imefichwa, na kwamba ni mimi nitakayemwambia Babu. Nilikwenda barazani kwake.

Nilimweleza yote. Tangi, kopo, kikombe, rangi. Nilipofika kwenye rangi alifumba macho. Wino ulikuwa mbichi katika sahani mbele yake: alikuwa anaandika kombe la safari ijayo. Nikaanza kusema kuwa huenda nimekosea, na hapo akafungua macho.

"Usiongope kwa ajili yangu, mke wangu. Mimi si mgonjwa." Akaisogeza sahani kando. "Kwa hiyo Bi Harusi alipona kwa kufunguliwa."

"Ndiyo, Babu."

"Fundi wa sokoni aliwaambia wafungue?"

"Hapana."

"Baba yako alifikiri kufungua? Célestin na nyundo yake?"

"Hapana, Babu."

"Ni nani basi aliyewafungulisha tangi pale mlimani, mara baada ya mara, mpaka wewe ukaja na kitambaa chako?"

Babu akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha mpaka akakohoa. "Kwa maji nilikosea," akasema akijipangusa. "Maji yale ni ya watu. Lakini mlango niliufungua mimi. Lete kizibo."

Mjomba alikuwa anangoja nje, bila shaka alisikia yote. Babu alipasha msumari kwenye makaa, akasema Bismillahi, akatoboa kizibo juu mpaka chini, moshi wa mpira ukatutoa machozi. Halafu akachukua kalamu yake ya tete, ile aliyoandikia makombe yote, akaikata, akaipitisha tunduni kwa mshazari, mdomo wake ukitazama chini ili mvua isiingie. Akaijaribu kwa kupuliza. Upepo ukapita.

"Célestin," akasema, "jasho la mbu sasa litapita?"

"Likitaka, Mwalimu. Kwa ruhusa yako."

9 Aprili

Kufunga. Joto, kisha mvua, kisha joto. Bi Harusi amekwenda Kabambare na kurudi.

16 Aprili

Leo sokoni nimesikia kuwa Mwalimu Atumani ameiponya kamio kwa kalamu. Wamesema mbele yangu, wakinipimia chumvi, hata hawakunitazama. Ilinichoma. Nimerudi nyumbani nikaandika ukurasa mzima wa hasira, nao nimeuchana.

Baada ya futari nimepita barazani kwake. Wameongezeka. Mikeka ni miwili. Na katika mkeka wa pili wamekaa wasichana watatu, jambo ambalo sijaliona hapa maishani mwangu. Babu amewaambia mama zao: "Mjukuu wangu amesoma mpaka anaisikia kamio ikivuta pumzi. Leteni mabinti."

Kumbe ananitaja, mahali ambapo sikuwa nasikiliza.

1 Mei

Idi. Kanzu ya Babu imekuwa na mafuta ya pilau mpaka kifuani. Sanduku langu limefungwa.

Kabambare, 4 Mei

Nimefika. Chumba kina dirisha moja na kitanda cha kamba. Darasa ni Jumatatu. Lakini nataka kuandika habari za mlima kabla sijalala.

Baba alivaa koti. Mjomba alikuwa juu ya mzigo, mikono yote miwili huru, hajui aifanyie nini. Tulipoanza kupanda, abiria wakashika vikapu vyao kwa mazoea, tayari kushuka. Bi Harusi akapanda. Akapita penye jiwe, akapita penye mgazi wa Baba, ambao umetoa kuti jipya, na hakulegeza hata kidogo. Wanawake wa ndizi walikuwa wamejipanga na sinia zao. Walituona tunakuja, wakaona hatusimami, na tabasamu likawapotea usoni.

"Ee Yakubu!" mmoja akampigia Baba kelele, akikimbia kandokando, ndizi zikirukaruka. "Weye! Umepona, basi siye tufe?"

Baba akakanyaga breki.

Akafanya jambo ambalo hajalifanya mlimani pale tangu mwezi wa pili: akazima motere yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akatoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti. Nilimtazama Baba, naye alikuwa anatazama mbele.

"Nunueni," akawaambia abiria. "Tuna nafasi."

Tukanunua. Tukala tumesimama, tukiwa na majivu ya ndizi midomoni, wanawake wakitutania, mvua ikijikusanya upande wa mto Luama. Sinia zilipobaki tupu, Baba akajipangusa vidole, akapanda, akanifungulia mlango kwa ndani.

"Haya, Mwalimu," akaniambia. Hakuniita Hawa. "Kalamu ya babu yako inapumua?"

Nikatoa kichwa nje, nikaweka kiganja karibu na kizibo. "Inapumua, Baba."

Akaingiza ufunguo.